Hesabu ya Madume: Jinsia ya Wadudu katika Historia ya Kilosa, Mikumi na Afrika Mashariki

Historia ya Kilosa huandikwa kwa kawaida kwa kufuata reli ya kati, mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, na mafuriko ya mto Mkondoa, ilhali ile ya Mikumi huanza na hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1964 katika mbuga za mto Mkata. Eneo hilo hilo lina historia nyingine isiyo na jengo wala mnara wa kumbukumbu, nayo ni ya watu waliokabidhiwa kazi ya kupambana na mbung'o, kangambili na viwavijeshi, wakajikuta wanahesabu madume na majike ya wadudu hao mwaka baada ya mwaka. Hesabu za namna hiyo, zilizoanzishwa kwa ajili ya mifugo na mazao, zikiunganishwa na zile za Kampala, Dar es Salaam na Nairobi, zimechangia sana katika kuonyesha jambo ambalo wanabaiolojia wa mwanzoni mwa karne ya 20 hawakulitarajia, yaani kwamba utaratibu unaoamua kama yai la mdudu litatoa dume au jike haukuwekwa mara moja na kuachwa, bali hubomolewa na kujengwa upya, na mara nyingine ubomoaji huo hufanywa na viumbe wanaoishi ndani ya mwili wa mdudu mwenyewe.

Kromosomu ni nyuzi zilizomo katika kiini cha seli, nazo hubeba jeni, ambazo ni vipande vya maagizo ya urithi. Mwaka 1891 Mjerumani Hermann Henking, akichunguza mbegu za kiume za mdudu mwekundu wa Ulaya aitwaye Pyrrhocoris apterus, aliona kwamba nusu ya mbegu hizo zilipokea kipande kimoja ambacho nusu nyingine zilikikosa, na kwa kuwa hakujua kazi yake alikipa herufi X. Mdudu huyo ni wa familia moja na kangambili, yule anayefyonza mbegu za pamba na kuzitia doa nyuzi zake, na ambaye Kilosa ilimfahamu mapema, kwa kuwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya nguo ya Otto kutoka kusini mwa Ujerumani ilikuwa na shamba kubwa la pamba huko, na baadaye kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, kilicho karibu na mji, kiliifanya pamba kuwa sehemu ya kazi yake. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba ndugu wa mdudu aliyechukuliwa kuwa hasara tupu kwa wakulima wa Kilosa ndiye aliyefungua mlango wa elimu nzima ya kromosomu za jinsia. Miaka 14 baada ya Henking, Mmarekani Nettie Stevens alionyesha kwa kutumia mende wa unga kwamba madume yalikuwa na kromosomu moja ndogo mahali ambapo majike yalikuwa na kubwa, na kutokana na kazi yake pamoja na ile ya Edmund Wilson, mpango wa XX kwa jike na XY kwa dume ukakubalika.

Mpango huo haukudumu kuwa kanuni ya wadudu wote. Mwaka 1906 Waingereza Doncaster na Raynor walitoa taarifa ya nondo ambaye urithi wake ulikwenda kinyume, kwa kuwa jike ndiye aliyebeba kromosomu mbili zisizofanana, ambazo sasa huitwa Z na W, huku dume akiwa na Z mbili. Hivyo ndivyo ilivyo kwa nondo na vipepeo kwa jumla. Nyuki nao walikwisha kujulikana tangu karne ya 19, kutokana na kazi ya padri Johann Dzierzon, kuwa madume yao hutoka katika mayai yasiyorutubishwa. Uchunguzi wa jeni zenyewe ulipowezekana, ilionekana kwamba sehemu ya chini ya utaratibu huu ni ya kale na hubadilika kidogo sana, kwa maana jeni iitwayo doublesex inapatikana kwa inzi, mbu, nyuki na vipepeo vilevile, ikiuelekeza mwili kwenye umbo la kiume au la kike, ilhali sehemu ya juu, ile inayotoa amri ya kwanza, hutofautiana hata baina ya wadudu walio jamaa wa karibu. Mbu anayeeneza homa ya dengue, Aedes aegypti, hupata udume kutokana na jeni iitwayo Nix, iliyotambuliwa mwaka 2015, na Anopheles gambiae, anayeeneza malaria, huupata kutokana na jeni nyingine kabisa, Yob, iliyoelezwa mwaka 2016. Watafiti wa Imperial College ya London walipoilenga doublesex ya Anopheles gambiae mwaka 2018, majike yaliyorithi nakala mbili za jeni iliyoharibiwa yakashindwa kuzaa na kunyonya damu, na jamii za mbu waliofugwa katika vizimba zikatoweka baada ya vizazi vichache, habari ambayo haikuwa ndogo kwa bonde la Kilombero, jirani ya kusini ya Mikumi, ambako Taasisi ya Afya ya Ifakara huwachunguza mbu wa malaria.

Kazi ya kuhesabu jinsia za wadudu katika Tanganyika inahusiana kwa karibu na mtu mmoja aliyekaa Kilosa. Charles Swynnerton aliteuliwa mwaka 1919 kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika chini ya utawala wa Waingereza, na makao ya idara hiyo yakawa Kilosa, mji ambao kwa sababu hiyo unatajwa mara nyingi katika lebo za makumbusho ya Ulaya na Marekani, hasa kwa mijusi, vyura na nyoka waliokusanywa na msaidizi wake, Arthur Loveridge. Kabla ya kufika Kilosa, Swynnerton alikuwa ametumia miaka kadhaa katika msitu wa Chirinda, Rhodesia ya Kusini, akiwalisha ndege vipepeo mbalimbali ili aone ni wapi waliokataliwa kwa ladha yao mbaya, na matokeo ya majaribio hayo yalichapishwa mwaka uleule alioteuliwa. Alikuwa mpenzi wa vipepeo aliyegeuzwa na wajibu wa kazi kuwa mtaalamu wa mbung'o, kwa kuwa idara ya wanyamapori haikuweza kukwepa swali la inzi anayesababisha nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu, na mwaka 1929 alihamia Shinyanga kuongoza idara mpya ya utafiti wa mbung'o, ambako alifanya kazi hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938 pamoja na mtaalamu wa mimea wa idara hiyo, B. D. Burtt.

Njia kuu ya utafiti wa Shinyanga ilikuwa mzunguko wa kukamata inzi. Vijana wa Kiafrika, ambao majina yao hayakuingia katika ripoti ingawa ripoti zenyewe zilisimama juu ya macho yao, walitembea njia maalumu porini wakiwa na nyavu, wakasimama vituo vilivyopangwa, wakaandika idadi ya mbung'o waliokamatwa, jinsia zao na kiwango chao cha njaa. Madume yalizidi karibu kila mara, na kwa muda mrefu ilibidi kujadili kama porini kweli kulikuwa na madume mengi au kama ni tabia tu iliyowadanganya wahesabuji. Jibu lililokubalika ni la pili, kwa sababu dume hufuata kitu kinachotembea akitafuta jike, ilhali jike huja pale anapohitaji damu. Somo hilo, kwamba idadi ya jinsia katika mtego si lazima iwe idadi ya jinsia porini, litarudi tena katika habari za viwavijeshi.

Mbung'o jike ana XX na dume ana XY, na kwa macho ya wanasayansi wa wakati wa Swynnerton hapakuwa na cha ajabu hapo. Ajabu ilionekana mwaka 2013 na 2015, pale Beatriz Vicoso na Doris Bachtrog wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipolinganisha jeni za makumi ya spishi za inzi wakaona kwamba X ya inzi mmoja si X ya mwingine. Katika ukoo huu X ya kale ilikuwa kromosomu ndogo ambayo kwa inzi wa matunda wa maabara, Drosophila, imerudi kuwa kromosomu ya kawaida isiyohusika na jinsia, wakati kwa mbung'o imebaki X, ikiwa imeungana na vipande viwili vikubwa zaidi. Kwa maneno mengine, mbung'o anayeingia katika gari linalopita Mikumi amehifadhi sehemu ya utaratibu wa mababu ambao mdudu anayechunguzwa kuliko wote duniani ameuacha. Elimu ya madume ya mbung'o ilikuwa na matumizi yake pia, kwa kuwa jike wa mbung'o hupandwa mara chache maishani, na akipandwa na dume aliyefanywa tasa kwa mionzi hapati mzao. Kati ya 1994 na 1997 zaidi ya madume tasa milioni 8 waliozalishwa Tanga walimwagwa kwa ndege juu ya Unguja, na mbung'o wa mwisho wa porini alikamatwa kisiwani humo mwaka 1996.

Wakati Shinyanga ilikabiliwa na madume mengi kupita kiasi, Kampala ilikabiliwa na uchache wao. Denis Owen, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Makerere katika miaka ya 1960, aliwakusanya vipepeo wadogo wa rangi ya machungwa wa spishi ya Acraea encedon na kukuta mahali ambapo madume hayakufika hata mmoja kwa kila majike kumi, na mwaka 1965 akachapisha habari hiyo katika jarida la Nature. Jambo hilo liligongana na hoja iliyokwisha kuheshimiwa, ile ya Ronald Fisher ya mwaka 1930, inayosema kwamba jinsia iliyo adimu huwa na faida ya uzazi na kwa hiyo uteuzi wa asili huirudisha idadi kwenye nusu kwa nusu. Owen na mwenzake Chanter walidhani kwamba kromosomu ya jike imejifunza kujipendelea, ikiingia katika mayai mengi kuliko haki yake, na William Hamilton, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1967 kuhusu uwiano wa jinsia usio wa kawaida, alionyesha kwa hesabu kwamba kromosomu ya namna hiyo inaweza kuenea hata kama inaipeleka jamii nzima kwenye maangamizi.

Dhana hiyo ilikuwa nzuri, na ilikuwa na kosa moja tu, kwamba mhalifu hakuwa kromosomu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Francis Jiggins, Greg Hurst na Michael Majerus walirudi Uganda wakakuta ndani ya majike bakteria wa jenasi ya Wolbachia, viumbe wa seli moja wanaoishi ndani ya seli za mdudu na kurithiwa kupitia yai peke yake. Kwa bakteria hao dume ni mwisho wa safari, kwa kuwa mbegu ya kiume haiwabebi, na kifo cha madume wakiwa mayaini huwaachia dada zao chakula zaidi. Katika spishi ya karibu, Acraea encedana, zaidi ya asilimia 90 ya majike yalikuwa na ambukizo hilo, na mwenendo wa ndoa ulikuwa umepinduka, kwani majike ambayo hayajapandwa yalikusanyika vilimani kuwangoja madume wachache waliobaki. Hoja ya Hamilton haikufa kwa ugunduzi huu, kwa kuwa bakteria anayerithiwa kwa mama na kromosomu ya W inayorithiwa kwa binti wana maslahi yaleyale, wakiwa kama abiria wawili wenye tiketi moja.

Maana kamili ya ubia huo ilionekana kwa kipepeo ambaye mkazi yeyote wa Kilosa au Mikumi amekwisha kumwona bila kumtazama sana. Danaus chrysippus ni kipepeo wa rangi ya machungwa anayeruka polepole katika nyika na kando ya barabara, na kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, ambayo humfanya asipendwe na ndege.  Barani Afrika ana sura kadhaa zenye maskani tofauti, baadhi wakiwa na ncha nyeusi katika bawa la mbele na wengine bila ncha hiyo, na sura hizo hukutana na kuchanganyika katika Afrika Mashariki. David Smith, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, aliwakamata, akawazalisha na kuandika jinsi rangi zao zilivyorithiwa, na kwa miongo iliyofuata aliendelea kulirudia swali la vizazi vya majike watupu na la rangi kufungamana na jinsia, jambo ambalo halikupaswa kutokea kama jeni za rangi zilikaa katika kromosomu za kawaida.

Mwaka 2000 bakteria aliyewaua madume wa kipepeo huyu alitambuliwa kuwa Spiroplasma, wa ukoo tofauti kabisa na Wolbachia, na mwaka 2016 Smith, pamoja na Ian Gordon, Walther Traut na wenzao, alieleza kwamba katika eneo la mchanganyiko karibu na Nairobi majike yana W mpya, iliyotokea pale W ya zamani ilipoungana na kromosomu ya kawaida yenye jeni za rangi. Uchunguzi wa jenomu nzima ulioongozwa na Simon Martin, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba nakala zote za W hiyo mpya zinatokana na jike mmoja, na kwamba mti wa nasaba yake unalingana tawi kwa tawi na mti wa nasaba wa Spiroplasma. Bakteria alipoenea aliivuta kromosomu pamoja naye, na uenezi wote huo ulifanyika katika muda wa miaka 2,200 hivi, ambao kwa vipimo vya mageuko ni juzi tu, kwa kuwa hauizidi sana enzi ya bandari ya kale ya Rhapta na wafanyabiashara wa Kigiriki waliofika pwani hii, waliyoiita Azania.

Kinachofanya kisa hiki kiwe cha thamani ni kwamba kinaonyesha hatua za mwanzo kabisa za maisha ya kromosomu ya jinsia, hatua ambazo kwa spishi nyingi zilipita mamilioni ya miaka iliyopita na kufutika. Katika vipepeo na nondo jike habadilishani vipande baina ya kromosomu zake anapotengeneza mayai, na kwa hiyo kipande kilichoungana na W hufungwa siku hiyohiyo na kurithiwa kizima, kikiwa na jeni zake nzuri na mbovu. Kasoro ndogondogo zilizokuwamo katika jike wa kwanza zimeenea pamoja naye kwa kuwa hakuna njia ya kuzichuja. Hivi ndivyo wanasayansi wanavyodhani Y na W zilivyochakaa kila mahali, ila hapa uchakavu wenyewe ndio unaanza. Tokeo lingine linaonekana kwa macho matupu. Aina ya rangi iliyofungwa katika W mpya hushindwa kujitokeza mbele ya aina nyingine, na kwa sababu majike hayo hayazai wana wa kiume, kila kizazi hutegemea madume wageni wanaoingia kutoka pande nyingine, kiasi kwamba rangi ya mabinti hufuata ya baba waliofika msimu huo.

Kilosa yenyewe inaingia tena katika simulizi hii kwa mlango wa mahindi. Viwavijeshi wa Afrika, watoto wa nondo Spodoptera exempta, hutokea baada ya mvua za kwanza, wakati nondo wanaosafiri na upepo usiku wanaposhushwa pamoja na ngurumo na kutaga mayai kwa wingi mahali pamoja. Viwavi waliobanana hugeuka weusi, na ndani ya majuma mawili au matatu wanaweza kulimaliza shamba la mahindi, mpunga au mtama na malisho ya jirani, huku maharage yakibaki bila kuguswa. Utabiri wa milipuko hiyo uliendeshwa tangu miaka ya 1960 kutoka Muguga, Kenya, chini ya shirika la pamoja la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, kisha kila nchi ikawa na huduma yake, ya Tanzania ikiwa Tengeru karibu na Arusha. Tatizo la utabiri wa kitaifa lilikuwa kwamba onyo la wilaya nzima lilichelewa kufika kijijini na halikumwambia mkulima lolote kuhusu shamba lake, ndiyo sababu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijiji vya wilaya ya Kilosa vilichaguliwa kujaribu utabiri unaofanywa na wakulima wenyewe, ambao walipewa mtego wa nondo, kipimo cha mvua na kanuni rahisi ya kuunganisha idadi ya nondo wa juma na mvua iliyonyesha. Katika historia ya utafiti wa wadudu nchini, huu ni mmoja wa mipango michache iliyomtambua mhesabuji wa kijijini kuwa mtaalamu, na vijana wa mizunguko ya Shinyanga hawakuwahi kupewa heshima hiyo.

Mtego huo hunasa madume peke yake, kwa sababu chambo chake ni harufu inayoigiza ile ambayo jike huitoa ili kuita dume, kemikali inayoitwa feromoni. Mkulima wa Kilosa huhesabu basi jinsia moja ili akadirie mayai yatakayotagwa na nyingine, na makadirio hayo hushikilia dhana isiyosemwa, kwamba uwiano wa jinsia hauyumbi. Mwaka 2012 Robert Graham na Kenneth Wilson walichapisha uchunguzi wa viwavijeshi, wakiwamo waliokusanywa Tanzania, unaoonyesha kwamba nondo hawa hubeba aina zaidi ya moja za Wolbachia na kwamba mojawapo huua madume. Walionyesha pia kwamba urithi wa mitokondria, vile viungo vya seli vinavyopitishwa na mama kama bakteria wenyewe, ulikuwa umepunguzwa kuwa wa aina chache kutokana na kuenea kwa ambukizo. Hakuna haja ya kudai kwamba jambo hili limeharibu utabiri, lakini mpango unaotegemea hesabu ya madume ungenufaika kwa kuchukua viwavi wachache wa kila mlipuko na kutazama jinsia zao.

Namna bakteria anavyomjua dume imefahamika kwa nondo wengine. Katika kiwavi wa hariri, kama Takashi Kiuchi na wenzake walivyoonyesha mwaka 2014, W hutoa kipande kidogo sana cha RNA, nakala ya maagizo ya jeni, kinachoinyamazisha jeni ya udume iliyomo katika Z, iitwayo Masculinizer; yai lisilo na W huiacha jeni hiyo izungumze, na kiinitete huwa dume. Jeni hiyohiyo ina kazi ya pili ya kupunguza sauti ya Z mbili za dume ili zilingane na Z moja ya jike. Katika nondo wa mahindi wa Asia, Ostrinia furnacalis, Wolbachia hutoa protini inayoikamata Masculinizer, na dume hufa kwa sababu Z zake mbili zinafanya kazi bila breki. Mdudu anayeshambuliwa hivyo vizazi vingi huwa na kila sababu ya kuihamisha amri ya udume kwenye jeni nyingine ambayo bakteria hajaijua, na wataalamu wengi sasa huona katika mvutano huo mojawapo ya sababu zinazofanya ngazi ya juu ya utaratibu wa jinsia ibadilike upesi huku doublesex ikibaki chini palepale.

Kwa viwavijeshi ambukizo lina gharama nyingine ambayo wakulima wanaweza kuifurahia. Kirusi cha asili kinachowaua viwavi hawa, SpexNPV, kilijaribiwa Tanzania kama dawa ya kunyunyizia badala ya sumu za viwandani, na Graham, David Grzywacz, Wilson Mushobozi na Kenneth Wilson walionyesha mwaka 2012 kwamba viwavi wenye Wolbachia walikufa kwa kirusi hicho kwa kiwango kinachozidi mara 6 hadi 14 kile cha viwavi wasio nayo, kinyume kabisa na inzi wa matunda, ambaye bakteria wa jenasi hiyohiyo humkinga na baadhi ya virusi.